Norfolk na minara ya duara: kwa nini huko tu?

#1 Mwashi Mkongwe

Salaam wakuu. Ninayo hoja zaidi ya swali.

Mashariki ya Uingereza kuna kaunti inaitwa Norfolk, ile nundu inayochomoza kwenye Bahari ya Kaskazini ukitoka London kwenda juu. Nchi ya mashamba, vinamasi na vijiji vidogovidogo. Vijiji hivyo vimejaa makanisa ya mawe ya zama za kati. Yanayosimama hadi leo yanazidi 600. Zaidi ya 120 kati yake yana mnara wa duara, mviringo kabisa kama pipa lililosimamishwa. Jirani yake Suffolk ana kama 40. Essex 6, Cambridgeshire 2, Sussex 3 kwenye bonde moja la mto. Kwingine England ni ya kuokoteza. Mnara wa kanisa ni pembe nne.

Kila kibao cha watalii kinasema jambo lilelile: Norfolk hakuna jiwe la kuchonga, kuna gumegume tu, na gumegume halitoi kona. Mnara wa duara hauna kona, basi kazi imekwisha.

Nasema hayo hayatoshi. Hayo makanisa, nyuma ya mnara, yana ukumbi wa pembe nne. Kona nne zimejengwa na zimesimama miaka 900. Aliyeweza kona za ukumbi alishindwaje na kona za mnara? Nangoja majibu.

#2 Kibandiko

Norfolk ninayoijua ni hoteli, iko Nairobi. Haina mnara.

#3 BintiTanuu

@Kibandiko hoteli ni ya 1904. Kaunti imeitangulia kwa miaka karibu elfu. Jina lake maana yake ni watu wa kaskazini, na Suffolk ni watu wa kusini, wote wa ufalme wa kale wa East Anglia.

Mleta uzi, unalinganisha kona fupi na kona ndefu. Ukumbi wa kanisa la kijiji una kuta za mita 5 au 6. Mnara unakwenda 15 na zaidi, na juu yake kuna kengele inayoyumba.

Wasioijua gumegume: ni madonge ya silika yanayokaa ndani ya mwamba wa chaki. Ukubwa wa ngumi hadi kichwa cha mtoto, umbo la tangawizi, ngozi nyeupe nje, ndani jeusi linang'aa. Likipigwa linapasuka kama kioo kinene, kwa mbonyeo kama wa ganda la kombe. Patasi hailichongi likawa mraba. Katikati ya ukuta donge limeshikwa na chokaa juu, chini, kushoto, kulia na nyuma. Likiwekwa kwenye kona, pande mbili ziko nje. Mkokoteni ukiligonga, au maji yakiganda nyuma yake usiku wa Januari, linaanguka, na lililo juu yake linafuata.

Kwetu pwani kona si tatizo kwa sababu kuna tumbawe laini linalochongeka likiwa bado bichi, kisha linakauka na kuwa gumu. Kuta za Lamu ni mawe ya ovyo na chokaa, lakini mihimili ya milango na kona ni tumbawe la kuchongwa. Norfolk hawana hilo la pili.

#4 Kibandiko

Gumegume si bunduki ya kina babu?

#5 Mzee wa Baruti

Ndiyo hiyo hiyo, na hapo ujue umegusa Norfolk bila kukusudia. Jiwe la kwenye nyundo ya bunduki, lile linalotoa cheche, ndilo lililoipa bunduki jina. Mji wa Brandon, mpakani mwa Suffolk na Norfolk, ulikuwa kiwanda chake. Mafundi wa huko walilisha jeshi la Uingereza wakati wa vita na Napoleon, na jeshi lilipohamia bunduki za fataki waliendelea kupeleka vijiwe hivyo Afrika hadi karne ya 20.

Kazi ina hatua tatu. Kwanza donge linapasuliwa vipande vikubwa kwa nyundo nzito, fundi amelilaza juu ya paja lenye pedi ya ngozi. Pili anachambua vipande virefu kama visu, kimoja kwa pigo moja. Tatu anakata kisu hicho vijiwe vidogo juu ya chuma kilichosimikwa kwenye gogo. Kilichowaua wengi ni vumbi. Silika inakaa kwenye mapafu na haitoki.

Kilomita chache kutoka hapo kuna Grime's Graves, mashimo zaidi ya 400 ya kuchimba gumegume, yalianza kama miaka 2600 KK. Walichimba kwa pembe za kulungu. Walipita matabaka mawili ya juu wakayaacha, wakaenda tabaka la tatu chini, kwa sababu hilo ndilo lenye mabamba makubwa yasiyo na nyufa.

#6 Timazi

Tunabishana bila kuuona ukuta. Mnara wa duara unapandaje?

Njia ya kawaida: simika mti katikati, funga kamba yenye kitanzi, zunguka. Kamba ndiyo kipimo. Mti haufiki mita 15, kwa hiyo kituo kinahamishwa juu ya sakafu ya mbao kila ghorofa, na hapo makosa yanaingia. Ndiyo maana minara mingi ukiipima leo si duara safi, ni yai kidogo. Miti ya jukwaa inaingizwa ukutani na kutolewa baadaye. Matundu yake bado yanaonekana, mengine yamezibwa kwa kigae.

Kinachosumbua ni chokaa. Tofali likilazwa linafyonza maji ya chokaa na linakamata palepale. Gumegume halinywi tone. Ni kama kujenga kwa chupa. Ukipandisha zaidi ya futi moja au moja na nusu kwa siku, uzito wa juu unausukuma udongo wa chini ambao bado uji, na ukuta unatoka kitambi. Kwa hiyo unapandisha futi, unaacha, unarudi ikishakaza. Kwenye minara ya Norfolk ukitazama jua likiwa pembeni unaona mistari ya kila kituo, pete juu ya pete.

Sasa duara linasaidia hivi: ukimaliza kuzunguka, ulipoanzia pamekwishakaza. Kazi haisimami.

#7 Mwashi Mkongwe

@Timazi ukizunguka mraba je? Ulipoanzia hapakazi?

@BintiTanuu hoja ya urefu naikubali nusu. Lakini tazama Bessingham, karibu na Cromer. Mnara wake wa duara ni wa jiwe la kahawia lenye chuma ndani yake. Kwa hiyo hata lile "Norfolk hakuna jiwe" si kweli. Upande wa magharibi, Hunstanton na Snettisham, jiwe la kahawia linachimbwa na nyumba nzima zimejengwa kwalo, kona zake zimekaa vizuri tu. Mwenye jiwe hilo alijenga duara kwa kulazimishwa na nani?

#8 Askari Kanga

Mnazunguka jibu. Waviking, wale maharamia wa baharini kutoka Skandinavia. Norfolk imezungukwa na bahari pande mbili na mito inaingia ndani. Mnara wa duara hauna kona ya kubomoa kwa mtaimbo, kuta ni mita 1 na zaidi. Baadhi ina mlango juu, usawa wa ghorofa ya kwanza, unaofunguka kuelekea ukumbini. Watu wanapanda kwa ngazi, wanaivuta ngazi, wanasubiri.

#9 Nyuzi Tisini

Hii imekufa siku nyingi, mkuu, wanaifufua waongoza watalii.

Mosi, tarehe. Sehemu kubwa ya minara hii ni ya karne ya 11 na 12. Waviking wa kuchoma makanisa walikuja karne ya 9. Wa karne ya 11 walikuwa wafalme wenyewe, Knut alikuwa Mkristo. Pili, chini ya mnara kuna tao pana linaloingia ukumbini. Ngome gani ina mlango wa kupitisha jeneza na wabebaji wake? Tatu, paa la ukumbi ni la mbao au matete, limegusa mnara. Likiwashwa moto, mnara unakuwa bomba la moshi. Ule mlango wa juu ulikuwa wa kufikia vyumba vya juu na dari.

Hata ramani inakataa. Minara imejazana kusini-mashariki, bonde la Waveney na kuuzunguka mji wa Norwich, mbali kidogo na fukwe za kaskazini.

#10 Hesabu Haina Undugu

Nani amepiga hesabu ya mawe? Chukua mnara wenye nafasi ya mita 3 ndani na ukuta wa mita 1.2.

Duara: nusu kipenyo cha nje 2.7, cha ndani 1.5. Kila mita moja ya kimo inakula mita za ujazo 15.8.
Mraba: 5.4 kwa 5.4 toa 3 kwa 3. Inakula 20.2.

Kwa mnara wa mita 15 ni 237 dhidi ya 302. Umeokoa mita za ujazo 65 za mawe na chokaa, na chokaa inahitaji tanuru na kuni. Kijiji maskini kinachagua duara. Fungeni uzi.

#11 Dada wa Kinamasi

Usifunge. Umelinganisha vyumba visivyolingana. Duara la mita 3 ndani lina eneo la mita 7 za mraba, mraba wako una 9. Ukitaka duara lenye nafasi ileile ya 9, nusu kipenyo cha ndani kinakuwa 1.69, cha nje 2.89, na mita moja ya kimo inakula 17.3. Akiba inashuka kutoka asilimia 21 hadi 14. Bado ipo, ila si ya kufunga uzi.

Halafu fremu ya kengele ni ya pembe nne. Ukiitia ndani ya duara unapoteza nafasi, au unachimba ukuta ili ncha za boriti ziingie. Akiba ya fundi mawe inaliwa na fundi seremala.

#12 Kibandiko

Nimesoma mahali kwamba minara hii ilikuwa visima. Bahari ikala udongo pembeni, kisima kikabaki kimesimama, wenyeji wakajenga kanisa ubavuni. Tena kuna mji kabisa unaitwa Wells-next-the-Sea, yaani visima kando ya bahari. Ushahidi gani zaidi?

#13 Pwani ya Mashariki

@Kibandiko huo ni utani wa wenyeji na wageni ndio wanaoumeza. Wells yenyewe siku hizi haiko kando ya bahari. Mchanga na vinamasi vya chumvi vimeisukuma bahari kama maili moja.

Ila utani una chanzo. Kijiji cha Eccles, pwani ya kaskazini-mashariki, kililiwa na bahari. Kanisa likavunjika karne ya 17, mnara ukabaki ndani ya vilima vya mchanga. Mchanga ukahama, mnara ukajikuta ufukweni peke yake, chini duara, juu pembe nane, mawimbi yakipiga shina lake. Ulianguka Januari 1895. Mchanga ukikwanguliwa na dhoruba misingi inaonekana tena, na mabaki ya mnara wa duara yaliyozama mchangani yanafanana na kisima kuliko chochote.

Sababu ya pwani ile kuliwa: majabali yake si mwamba. Ni mchanga, udongo mfinyanzi na kokoto zilizoachwa na barafu. Mawimbi yanakula chini, lakini maji ya mvua yanaharibu zaidi kutoka juu. Yanapita kwenye mchanga, yanafika kwenye mfinyanzi yanakwama, kipande kizima kinateleza. Unaweza kupanga mawe chini kwenye ufukwe na jabali likaendelea kushuka. Tena ukizuia mmomonyoko mahali pamoja unamnyima mchanga jirani wa chini ya mkondo, na ufukwe wake unakonda.

Happisburgh, kaskazini-magharibi kidogo ya hapo, vizuizi vya mbao vilivyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1950 vilioza na nyumba zikaanza kwenda. Bahari hiyohiyo mwaka 2013 ilifunua nyayo za binadamu wa kale kwenye tope lililogandamana, za miaka kati ya 850,000 na 950,000, za kale kuliko nyingine zozote zilizojulikana wakati huo nje ya Afrika. Ndani ya wiki mbili hivi mawimbi yakazifuta. Laetoli yetu ina miaka milioni 3.6 na bado ipo, kwa kuwa ilifunikwa na majivu ya volkano, na baada ya kuchunguzwa ikafukiwa tena kwa makusudi.

#14 Mzee wa Baruti

Na usitamke Happisburgh kama ilivyoandikwa, watajua umetoka mbali. Ni "Hezbra". Wymondham ni "Windam". Costessey ni "Kosi". Cley ni "Klai". Herufi zilizobaki ni za mapambo.

#15 Jahazi la Kaskazi

Turudi kwenye minara. Hakuna aliyetazama ng'ambo ya maji. Minara ya duara ya makanisa ipo Schleswig-Holstein kaskazini mwa Ujerumani. Ratekau unasimama, wa karne ya 12. Norfolk ilifanya biashara na upande ule kuliko na Wales. Kwa chombo cha tanga na upepo mzuri, Yarmouth hadi bara ni karibu kuliko barabara ya matope hadi York. Mitindo ilisafiri na mizigo. Jibu ni bahari, wala si jiwe.

#16 BintiTanuu

@Jahazi nashukuru, umenisaidia bila kujua. Ratekau imejengwa kwa nini? Kwa mawe ya mviringo ya matale yaliyookotwa mashambani, yaliyoletwa na barafu. Nako hakuna jiwe la kuchonga. Sehemu mbili zenye mawe yasiyo na kona, sehemu mbili zenye minara isiyo na kona.

#17 Jahazi la Kaskazi

Basi nipe jibu la mnara wa msikiti wa Malindi, Unguja. Unapanda mviringo unaochongoka kama koni, na waashi wa Unguja wanayo hiyo tumbawe yako ya kona. Mtu anaweza kujenga duara kwa sababu analipenda duara.

#18 BintiTanuu

Mmoja Unguja dhidi ya 120 Norfolk. Mmoja ni hiari, 120 ni shida.

#19 Kibandiko

Au 120 ni kuigana. Kitenge kikitoka kimoja, mtaa mzima wanavaa.

#20 Nyuzi Tisini

Kibandiko leo umesema neno.

Tatizo la nadharia zote hapa ni kwamba hatujui ipi ilitangulia, na tarehe zinabishaniwa. Wanaosema minara ni ya Wasaksoni, waliotawala England kabla, wanaonyesha madirisha ya juu yenye kichwa cha pembetatu, mawe mawili yameegemezwa kama paa. Wanaosema ni ya baada ya Wanormani kuingia kutoka Ufaransa 1066 wanaonyesha nguzo ndogo na mapambo. Nenda Haddiscoe: dirisha la chumba cha kengele lina kichwa cha pembetatu cha Kisaksoni, na pembeni yake nguzo zenye mapambo ya Kinormani. Yote dirisha moja, siku moja, fundi mmoja. Aliyejifunza kazi kwa babake Msaksoni hakubadili mkono kwa sababu mfalme amebadilika.

Tena minara michache ni ya baadaye kabisa, karne ya 13 na 14. Ukikuta mshono wima kati ya mnara na ukumbi, angalia nani kamwegemea nani. Mawe ya ukumbi yakipita nyuma ya mnara, mnara ndiyo mgeni.

#21 Mpakalipu

Samahani kukatisha. Kuna mnara wa gumegume karibu na chuo chetu Norwich, upande wa magharibi uso wa ukuta umebonyea nje na ukigonga unasikika tupu. Ulipakwa saruji kwenye viungo zamani. Shida ni nini?

#22 Timazi

Shida ni hiyo saruji. Ukuta wa gumegume ni tabaka tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati kifusi na chokaa. Mvua inayoletwa na upepo inaingia kwenye viungo, na zamani ilitoka humohumo kwa kuwa chokaa inapumua. Saruji haipumui na haipindi. Ukuta ukicheza kidogo, saruji inachanika ufa mwembamba kama uzi kwenye ukingo wa kila jiwe. Maji yanaingia kwa ufa, hayana pa kutokea. Chokaa ya ndani inageuka unga, baridi inaigandisha na kuitanua, uso wa nje unaachana na kifusi. Huo mlio tupu ndio mwachano wenyewe. Ukiuacha, siku moja mita kadhaa zinashuka kama pazia.

Tiba:

Saruji itolewe kwa patasi na nyundo. Mashine ya kukata ni marufuku, inapasua kingo za jiwe. Ingia angalau mara mbili ya upana wa kiungo, na popote ulipo unga endelea hadi ufike pagumu. Osha vumbi. Lowesha, ila maji yasisimame.

Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga mkali wenye chembe za kila saizi. Mchanga laini wa lipu utakunyaukia. Upande unaopigwa na mvua wengi wanatumia chokaa ya haidroliki, inayokaza kwa maji, ya daraja 3.5. Shindilia tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 20. Kiungo kikiwa kipana, chomeka vipande vya gumegume. Vinapunguza chokaa, na chokaa kidogo inanyauka kidogo. Ikianza kukaza, ipige kwa brashi ngumu ili uso ubaki wazi na chembe zionekane. Ukiisugua kwa mwiko inapata ngozi laini, na ngozi hiyo inafunga pumzi.

Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa haikauki kama nguo, inavuta hewa ya kaboni taratibu na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Chini ya nyuzi 5 usiiguse kabisa; kule kazi ya chokaa inasimama Oktoba hadi Machi. Palipobonyea, usipige ukuta urudi. Unafunguliwa, mawe yanapangwa chini kwa mpangilio wake, yanajengwa upya futi kwa futi.

Na kabla ya yote, kanisa halitakuruhusu kugusa bila kibali cha dayosisi. Peleka picha kwa msimamizi wake.

#23 Mpakalipu

Ahsante sana mkuu.

#24 Dada wa Kinamasi

Wengine wanalaumu mnara kumbe maji yanatoka paani. Makanisa kadhaa ya kule yameezekwa kwa matete, Hales ni mfano mzuri, na Potter Heigham. Matete yanakatwa Desemba hadi Aprili, baada ya jalidi kuangusha majani. Yakikatwa mabichi yanaoza. Mwinuko wa paa kama nyuzi 50, unene wa sentimita 30. Likiezekwa vizuri linafika miaka 50 au 60. Makuti yakifika 8 tunashukuru.

Mgongo wa paa ndio unaochoka mapema, kila miaka 10 hadi 15, kwa sababu tete ni gumu halikunjiki. Pale juu wanatumia nyasi laini za jamii ya ndago. Paa la matete halina mifereji ya bati, linamwaga maji mbali kwa kuchomoza. Ila pale linapokutana na mnara wa duara, ukingo ulionyooka unakutana na ukuta uliopinda, na fundi asiye makini anaacha pengo. Pengo la upana wa kidole linatosha kuozesha ukuta wa mnara kwa ndani, halafu saruji inapewa kesi peke yake.

#25 Timazi

Kubali nusu. Ule ukuta wa magharibi hauna paa linaloukaribia.

#26 Askari Kanga

Nimeuacha ugomvi wa Waviking, ila naleta jambo jingine. Kwa nini makanisa mengi kiasi kile? Kile kitabu cha sensa cha Mfalme William cha 1086 kinaonyesha Norfolk ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye watu wengi zaidi, na ilijaa wakulima huru, wenye vipande vyao, wasio chini ya bwana mmoja. Watu wa namna hiyo kila kundi linataka kanisa lake. Reepham palikuwa na makanisa matatu ndani ya uzio mmoja wa makaburi, ya parokia tatu. Sasa wakulima wanaochangishana hawaagizi jiwe la Caen kutoka Ufaransa kama lile la kanisa kuu la Norwich lililoanza 1096. Lile lilikuja kwa meli hadi Yarmouth, likapanda mto, na mfereji ukachimbwa kulifikisha kazini. Askofu anaweza hilo. Wakulima wanaokota mawe shambani, ambayo tena yanawavunjia majembe.

#27 Hesabu Haina Undugu

Kwa hiyo umerudi kwenye umaskini, hoja yangu #10.

#28 Askari Kanga

Wakulima huru hawakuwa maskini. Walikuwa wengi. Si kitu kimoja.

#29 Mwashi Mkongwe

Nimesoma yote. Naongeza kigongo kimoja kwa watu wa "kona hazikuwezekana". Karne ya 14 na 15 minara mingi ya duara iliongezewa ghorofa ya kengele juu. Potter Heigham na nyingine nyingi. Ghorofa hiyo ni ya pembe nane. Mtu anayekimbia kona anaongeza nane, tena juu kabisa kunakopigwa na upepo?

#30 BintiTanuu

Kufikia hapo pamba haikuwapo lakini sufu ilikuwapo, na sufu ya Norfolk ilileta hela. Zile kona nane tazama kwa karibu: nyingi zimefungwa kwa jiwe la kuagiza au tofali. Hela ilipokuja, kona ikaja. Umenijengea hoja yangu, ahsante.

#31 Jahazi la Kaskazi

Au pembe nane ndiyo njia rahisi ya kutoka duara bila kubomoa. Ukiweka mraba juu ya duara, pembe zinaning'inia nje. Ukiweka nane, karibu zinalalia ukuta.

#32 Nyuzi Tisini

Kabla hamjaendelea, elezeni Little Snoring. Mnara wa duara umesimama peke yake, una kofia ya vigae. Kanisa lake la kwanza lilibomolewa, tao la kuingilia limezibwa, na kanisa jipya likajengwa hatua chache kaskazini, lina kona zake zote. Walikuwa na mawe, walikuwa na mafundi, na mnara mpya hawakujenga. Ule wa zamani hawakuuunganisha wala hawakuubomoa wapate mawe. Kwa nadharia ya nani hapa?